Tuliagiza Lifti ya Roboti, Tukapewa Geti

Jina la karakana silitaji. Iko hapahapa Mwanza mjini, na wenye kuijua wataijua kwa kelele za grenda.

Nasimamia klabu ya roboti ya sekondari. Tulipeleka mchoro wa lifti yenye vipande viwili vinavyopanda, uzi ukivuta cha chini, cha juu kinatoka nacho papo hapo. Mchoro kauchora binti wa kidato cha tatu, vipimo vyote kwa milimita, na chini kaandika kwa herufi kubwa: ALUMINIAMU, UNENE MILIMITA 2. Sidhani kuna fundi anayeweza kudai hakuelewa.

Tunakwenda kuchukua kazi, tunakabidhiwa chuma! Skwea paipu ileile ya mageti, imechomelewa kila kona na kupigwa rangi nyeusi. Nikauliza aluminiamu iko wapi. Mwenye karakana akajibu huku anaangalia simu, "Mwalimu, aluminiamu inapinda. Nimewawekea kitu cha uhakika, mtanishukuru."

Binti akamwamkia, kisha kwa adabu zote akaanza kumweleza kwamba kipande cha juu kinasafiri mara mbili ya cha chini, kwa hiyo kila gramu iliyoko kule juu mota inaibeba kama gramu mbili. Na ndivyo ilivyo. Ongeza kipande cha tatu, chake zinakuwa tatu. Jamaa akamkata kauli: "Mwanangu, sogea huko usije ukachafua sare. Haya ni mambo ya mafundi." Akacheka. Vijana wake nao wakacheka.

Chuma ningekisamehe. Kile kicheko, hapana.

Tukaomba mizani kwa mama anayeuza nyanya jirani, tukapima kipande cha juu: karibu kilo nzima. Hesabu ya binti ilikuwa gramu mia tatu na ushee. Chuma kina uzito wa karibu mara tatu ya aluminiamu kwa ujazo uleule, kwa hiyo mtoto hakukosea popote. Mama wa nyanya alimwelewa kabla hajamaliza sentensi. Hela tulishalipa yote, na nilipogusia kurudishiwa nikaambiwa kazi ikishachomewa hairudi.

Shuleni tukaifunga hivyohivyo. Mota ikanguruma, ikapandisha kidogo, ikaanza kunuka. Tukafunga vipande vya tyubu ya baiskeli vivute kuelekea juu kupunguza mzigo. Ikapanda kweli, lakini uzito wote ukiwa kule juu, roboti ikikata kona inalala ubavu. Na msingi huwezi kuupanua ovyo, maana sheria za FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, tunazofanyia mazoezi zinataka roboti ianze ikiwa ndani ya inchi 18 kila upande.

Nyota moja. Tena nawaonea huruma.

Ila hapo nitakuwa nimemdhulumu mzee mmoja. Yuko nyuma kabisa, kwenye mashine ya kukereza, ndiye aliyetuchongea kapi za nailoni. Kapi zile sijaona mfano wake. Mfereji umekaa katikati, beringi inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba na haitoki, na uzi wa nyavu tulioununua Mwaloni pale Kirumba unapita bila kuruka hata ukivutwa mshazari. Kapi tulizoagiza mtandaoni zilikuwa zinaumeza uzi pembeni kila mara. Na mzee kazitoboa matundu kuzunguka, bila kuambiwa, zipungue uzito. Yeye mchoro aliusoma! Alimwuliza binti kwa nini tumetumia uzi na si mnyororo, akasikiliza jibu mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mnyororo mzito."

Kwa hiyo nyota tano kwa mzee, sifuri kwa mwenye mali, gawanyeni wenyewe. Hapana, kwa kapi zile pekee ningetoa nne na kunyamaza, kama si kile kicheko.

Fremu tumeikata wenyewe kwa msumeno wa mkono, kutoka mabaki ya fundi wa madirisha ya aluminiamu, tukaifunga kwa riveti. Sura haina, lakini inapanda na mota haipati joto. Kapi ni zilezile za mzee, na tunahitaji nyingine kabla ya mashindano. Anayekereza namna ile hapa mjini simjui mwingine. Binti amekubali twende wote, ila kasema mchoro safari hii anaupeleka mwenyewe mpaka kule nyuma.