Edinburgh au Bath baada ya Krismasi?

Kwa sisi tunaoishi London, siku kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ndizo tunazopata kupumzika familia nzima. Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, inavutia kweli: ngome juu ya mwamba, na shamrashamra za Hogmanay, mkesha wao wa Mwaka Mpya. Lakini ni saa nne na nusu hivi kwa treni, bei za vyumba hupaa, na jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Ukiwa na watoto, mchana unakwisha bado mnatafutana glavu.

Bath, mji wa magharibi mwa England, ni saa moja na nusu tu kwa treni kutoka stesheni ya Paddington. Chemchemi yake hutoa maji ya nyuzi joto 46 hivi, na asubuhi ya baridi mvuke hutanda juu ya bwawa la kijani lililojengwa na Warumi wa kale. Humo hakuogwi, mabwawa ya kisasa yako jirani, ila ni ya wenye umri wa miaka 16 na zaidi.

Mimi na wanangu tutaenda Bath. Edinburgh nawaachia wasio na watoto, mradi wakate tiketi mapema. Na tarehe 25 treni hazitembei kabisa.