Waltham ya mfukoni na jaribio la siku sita

Saa ninayoieleza hapa ni saa ya mfukoni ya kampuni ya Waltham, ya daraja lililoitwa William Ellery, iliyotengenezwa Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1870 kwa kadiri nambari ya mtambo wake inavyoonyesha. Niliinunua kwa sababu ya maneno ya mshindani.

Mwaka 1876 Marekani iliadhimisha miaka 100 ya uhuru wake kwa maonyesho ya dunia mjini Philadelphia, na kampuni ya Waltham ilipeleka huko, pamoja na saa zake, mashine iliyokata skrubu ndogo mno yenyewe bila mkono wa fundi. Mmoja wa majaji alikuwa Mswisi Edouard Favre-Perret. Aliporudi kwao aliwasimulia watengenezaji saa wenzake kwamba alikuwa ameomba Waltham moja, akaiokota bila kuchagua. Ilikuwa ya daraja la tano, thamani yake faranga 75. Alipofika Paris aliisawazisha na saa sahihi ya mjini, na siku ya sita akakuta imepotoka kwa sekunde 32 tu. Fundi wa Le Locle, mji wa watengenezaji saa huko Uswisi, aliyeifungua na kuichunguza alikiri kwamba katika saa 50,000 za Uswisi isingepatikana moja kama hiyo. Kauli hiyo ilichapishwa Marekani, na kwa maoni yangu hakuna tangazo la kulipiwa ambalo lingeifikia, kwa kuwa kila mwenye saa angeweza kulirudia jaribio lile nyumbani kwake.

Nami nimelirudia. Saa iliponifikia ilikuwa ikitangulia dakika kadhaa kwa siku, ingawa muuzaji aliniandikia kuwa imeshasafishwa. Fundi saa alipoifungua alikuta mafuta yameganda. Baada ya kusafishwa upya niliisawazisha na simu siku ya Jumatatu, saa 1 kamili asubuhi, mshale mfupi ukiwa kwenye VII, kisha nikawa naitia ufunguo kila siku wakati huo huo, nikiivaa mfukoni mchana na kuilaza mezani usiku. Jumapili asubuhi ilikuwa imetangulia kwa dakika 1 na sekunde 44, yaani zaidi ya mara tatu ya tofauti aliyoipata Favre-Perret. Hata hivyo niligundua kwamba karibu tofauti yote ilitokea usiku, kwa sababu mitambo ya madaraja ya chini haikurekebishwa ili iende sawa katika kila mkao, iwe wima au imelazwa. Wiki iliyofuata niliitundika wima usiku pia, na baada ya siku sita tofauti ikawa sekunde 50. Kwa mtambo wenye umri unaokaribia miaka 150, matokeo hayo yamenigusa sana.

Kuitumia kunahitaji utulivu. Ufunguo ni mdogo na hupotea kwa urahisi, kwa hiyo nimeufunga kwenye mkufu. Maji na vumbi havina kizuizi cha kutegemewa, na ikianguka sakafuni mhimili mwembamba wa gurudumu la mizani, lile linaloyumba na kuongoza mwendo wa saa, unaweza kuvunjika. Uso wake wa enameli nyeupe, kwa upande mwingine, unasomeka vizuri hata jioni, na kiduara cha sekunde kilicho upande wa chini kina alama safi kiasi kwamba nilisoma tofauti zote nilizotaja bila kioo cha kukuzia.

Vipuri si tatizo kubwa, kwa kuwa saa hizi zilitengenezwa nyingi kwa mashine na kwa vipimo vinavyofanana, hivyo fundi mwenye subira anaweza kutoa kipande katika saa iliyokufa na kukipachika katika iliyo hai, ingawa mara nyingine hulazimika kukirekebisha kidogo. Anayetaka kununua aombe picha ya mtambo ukiwa wazi, aulize ilisafishwa mwezi gani na mwaka gani, na atenge pesa za fundi pamoja na bei ya saa yenyewe.