Boksi la akriliki lenye komeo: uzoefu wangu baada ya tarantula kutoroka

Nafuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, hapa Birmingham, na anayenishughulisha kuliko wote ni jike la Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya chungwa ambaye wafugaji wa Ulaya humwita Usambara kwa sababu rangi hiyo asili yake ni milima ya kwetu Tanga. Ana mbio za ajabu na hasira za karibu. Hana nywele za kuwasha kama tarantula wengi wa bara la Amerika, kwa hiyo anapojihami anauma moja kwa moja. Sumu yake haiui mtu, lakini maumivu ni makali na misuli inaweza kukaza vibaya. Kwa mnyama kama huyu, kizimba ndicho kila kitu.

Kile cha kwanza kilikuwa cha kioo, chenye milango miwili ya kusukuma inayopishana. Vioo vikifungwa, katikati vinapopishana hubaki upenyo mwembamba kutoka chini hadi juu. Muuzaji alinihakikishia kwamba kioo kinateleza, hawezi kupanda. Anapanda! Chini ya nyayo zake ana nywele laini zinazonata, na ukimtazama kwa karibu akiwa ukutani utaona nyayo zimelala bapa kabisa juu ya kioo. Wakati huo alikuwa bado mdogo. Kwa tarantula usipime tumbo, maana tumbo hubonyea. Pima gamba gumu la mbele, lile linalobeba macho na miguu: linapopita hilo, mwili wote umepita.

Asubuhi nikakuta kizimba kitupu. Tulifunga mlango wa chumba, tukaziba chini kwa taulo, na mume wangu akakataza mtu yeyote kuvuta samani. Hofu yangu kubwa ilikuwa aanguke kutoka juu ya kabati, kwa sababu tumbo likipasuka ndiyo basi tena. Usiku tulizima taa tukamulika na tochi, na utando wake ndio uliomfichua: alikuwa ameshaanza kutanda shuka jeupe nyuma ya kabati. Nikamfunika kwa bakuli la plastiki, nikapitisha karatasi ngumu chini yake.

Ndipo nikanunua boksi hili la akriliki, plastiki ngumu inayoonyesha ndani kama kioo. Kifuniko ni kimoja, kina bawaba nyuma na komeo la chuma la kuzungusha mbele. Sumaku peke yake nisingeiamini, kwani tarantula mzima ana nguvu za kusukuma. Hewa inapita kwenye matundu ya milimita 2 yaliyotobolewa pande mbili zinazotazamana, na hilo limenifurahisha kuliko yote. Wavu wa juu hunasa kucha zao, wakaning'inia na hata kupoteza mguu, na ule wa plastiki wanaweza kuutafuna. Nimejaza makumbi ya nazi kwa kina cha kutosha, nikaegemeza gome la mti, naye ameshatanda kona nzima. Nikifungua kumlisha nyenje, huingia shimoni badala ya kukimbilia juu.

Kasoro ipo, na ni ya kuangalia sana. Ndani pakiwa na unyevu na nje pakavu, akriliki nyembamba hupinda. Kifuniko changu kilianza kuinuka pembeni kiasi cha kupitisha kadi ya benki. Niliwatumia wauzaji wa boksi picha, wakanitumia kingine kinene zaidi bila malipo, nacho kimetulia mpaka sasa. Lakini hicho kinene ndicho kilichopaswa kuja tangu mwanzo, kwa hiyo nawapa nyota nne.

Kwa watoto wa tarantula waliotoka kwenye yai karibuni, msilinunue. Milimita 2 ni mlango kwao. Wawekeni kwenye vikopo vidogo vya mfuniko wa kubana, mtoboe matundu kwa ncha ya sindano, na wahamie boksini wakishajivua gamba mara kadhaa na kunenepa.