Rimu za spoki kwenye MGB ya 1964: uzoefu wangu na seti mbili

Hii MGB, gari la michezo la Uingereza, niliachiwa na baba, ikiwa na bahasha ya picha kwenye droo ya dashibodi na spea ya zamani kwenye buti. Ndani ya miaka miwili nimeifunga seti mbili mpya za rimu za spoki. Ya kwanza ilikaa wiki sita. Ya pili ina miezi 14 sasa na sina mpango wa kuivua. Nazieleza zote mbili, maana bila makosa niliyofanya kwenye ile ya kwanza nisingejua hata cha kumwuliza muuzaji wa hii ya pili.

Seti ya kwanza niliichagua kwa macho. Ilikuwa ya kromu, spoki 72, inang'aa kiasi kwamba ukiiweka juani huwezi kuitazama. Muuzaji alinihakikishia kwamba inaingia MGB zote, na ndani ya boksi akaweka nati nne mpya za katikati, zile zenye masikio mawili ya kugongea kwa nyundo. Nilipozifungua nyumbani nilifurahi kama mtoto. Furaha hiyo ilidumu mpaka pale nilipojaribu nati ya kwanza kwa mkono kwenye habu, yaani kitovu cha ekseli kinachovaa gurudumu: ilizunguka mara moja na nusu, ikagoma. Fundi wangu alikuwa tayari ameshika nyundo. Nilimwomba asubiri, nikachukua rula na kuhesabu nyuzi, ile mistari inayozunguka ambayo nati huipanda. Kwenye habu, ndani ya inchi moja kulikuwa na nyuzi 12. Kwenye nati mpya zilikuwa 8.

Hapo ndipo penye jambo ambalo kila mwenye MGB anapaswa kulijua kabla hajatoa hata senti. MGB za mwanzo, zenye ekseli ya nyuma ya umbo la banjo (imevimba duara katikati), zina habu za nyuzi 12 kwa inchi. Zilizofuata, zenye ekseli ya bomba, zina nyuzi 8. Rimu yenyewe inaingia kote kote, kwa sababu meno ya ndani, yanayoshikana na meno ya habu, ni ya saizi ile ile ya milimita 42, kwa hiyo mtu anayeuza rimu tupu anaweza kusema "inaingia zote" na asiwe amekudanganya. Nati ndiyo inayokataa. Ukiilazimisha kwa nyundo inaweza kuonekana imekaza, kumbe imeshika kwenye uzi mmoja ulioumia, na uzi huo mmoja ndio unaobeba gurudumu lako lote.

Nilirudisha nati za zamani, rimu zikafungwa, nikaingia barabarani. Siku ya tatu nikaanza kusikia mlio. Nikitia gia ya rivasi, tak. Nikianza kwenda mbele, tak tena. Nikikanyaga breki, tak. Muuzaji aliposikia alisema rimu mpya zitazoeana na habu taratibu. Si kweli, na hili naliandika kwa uchungu kwa sababu lingeweza kunigharimu zaidi ya pesa. Tulipovua gurudumu la nyuma, meno ya habu yalikuwa yamelika upande mmoja, yamechongoka kama meno ya msumeno. Nilichukua ile spea ya buti, ambayo haijawahi kufungwa isipokuwa siku za pancha, nikaangalia ndani yake. Meno yake yalikuwa na kichwa bapa na pande mbili zinazolingana. Kisha nikaangalia ndani ya rimu mpya ya kromu: tayari kulikuwa na mistari inayong'aa upande mmoja wa kila jino. Wiki sita tu! Habu iliyochakaa hula rimu mpya, na rimu iliyochakaa hula habu mpya. Hakuna kuzoeana.

Kosa hilo la habu ni langu, sikukagua. Lakini rimu nazo hazikuwa nzuri. Mbili kati ya tano ziliyumba kushoto na kulia karibu milimita 3 zikizungushwa, na usukani ulitetemeka nikifika kilomita 90 kwa saa. Niliuza seti nzima kwa hasara, nikimweleza mnunuzi kila nilichokiona.

Kabla ya kununua seti ya pili nilikaa chini na ile bahasha ya picha. Kuna moja gari likiwa bado jipya, limepigwa kwa ubavu, gurudumu la mbele linaonekana vizuri. Kwa kioo cha kukuzia nilianzia kwenye valvu nikahesabu spoki mpaka robo ya duara. Nilipata 15. Mara nne ni 60. Ingekuwa ya spoki 72 ningepata 18. Kisha nikaenda kwenye spea na kuhesabu zote kwa kidole: 60. Chini ya vumbi na mafuta yaliyoganda rangi yake ilikuwa ya fedha iliyopoa, ya kupakwa, wala hapakuwa na dalili yoyote ya kromu. Basi maswali yangu yalijibiwa na gari lenyewe. Rimu za spoki za MGB hii zilikuwa za hiari (gari la kawaida lilitoka kiwandani Abingdon, Uingereza, na rimu za chuma cha bati), inchi 14, upana wa inchi 4.5, spoki 60, rangi ya fedha, nati ya masikio mawili.

Nasisitiza kuhusu masikio kwa sababu nimeona magari mengi ya miaka ya mwanzoni mwa 1960 yamefungwa nati za pembe nane. Hizo zina historia yake: kuanzia Januari 1968 sheria ya usalama ya Marekani ilikataza masikio yanayochomoza kwenye magurudumu ya magari mapya, na viwanda vya Uingereza vikabadilisha nati kwa magari yaliyokuwa yakienda huko. Gari la 1969 la soko la Marekani likiwa na nati ya pembe nane liko sahihi kabisa. Langu la 1964 halingekuwa.

Wala sisemi spoki 72 ni mbaya. Kwenye Jaguar E-Type ndizo zake, na ni imara zaidi, kwa hiyo mwenye injini iliyoongezwa nguvu ana sababu ya haki ya kuzitaka. Tena si kila gari la zamani linahitaji spoki. MG TD, gari la MG la kabla ya MGB, ilitoka kiwandani na rimu za chuma, na ukiifunga spoki ili ionekane ya zamani zaidi, umeiondoa kwenye zama zake badala ya kuirudisha.

Safari hii nilianza na habu. Nilinunua nne mpya za nyuzi 12, mbili za kushoto na mbili za kulia, na hapa tafadhali soma polepole. Upande wa kushoto wa gari habu ina nyuzi za kawaida, za kukaza kwa mwelekeo wa saa. Upande wa kulia ni kinyume. Njia rahisi ya kukumbuka: kila upande, nati inafunguka ukiizungusha kuelekea kule gurudumu linakozunguka gari likienda mbele. Habu zikiwa kwenye pande zake sahihi, mwendo wenyewe wa gurudumu huisukuma nati upande wa kukaza. Ukizibadilisha habu pande, mwendo utaifungua, na itafunguka ukiwa barabarani.

Kuna waliotaka kuniuzia habu za kufunga kwa bolti nne juu ya ekseli ya kawaida. Kwenye gari lililozaliwa na rimu za chuma zinaweza kusaidia, ila zinasukuma gurudumu nje. Ekseli iliyotengenezwa kwa ajili ya spoki ni fupi kidogo kuliko ile ya rimu za chuma, na ukichanganya mambo haya tairi inaanza kukwaruza ukingo wa bodi.

Rimu za seti ya pili zilifika zikiwa zimefungwa kila moja kwenye karatasi yake. Kabla hazijavishwa tairi nilizikagua mwenyewe. Kwanza nilizigonga spoki moja moja kwa mpini wa bisibisi. Iliyokazwa vizuri hulia, sauti nyembamba kama ya kengele ndogo ya baiskeli. Iliyolegea hutoa mlio mfupi uliokufa. Spoki 240 kwenye rimu nne, na ni moja tu iliyonyamaza, fundi akaikaza robo mzunguko. Kisha tukaweka rimu kwenye habu na geji ya mshale kwenye ukingo. Iliyoyumba zaidi haikufika milimita 1. Hapo nilijua nimepata kitu.

Kasoro yake ni rangi. Pale nati ndogo za spoki zinapokutana na ukingo, rangi ni nyembamba, na baada ya msimu mmoja wa mvua kutu ilijitokeza sehemu mbili. Nilisugua, nikapaka upya kwa brashi ndogo, haijarudi. Kwa bei ya daraja lile nilitegemea rangi nene zaidi. Hata hivyo kutu juu ya rangi unaiona mapema na unairekebisha mwenyewe, wakati kromu ikishaanza kutoboka kuzunguka spoki, huna la kufanya ila kuifumua rimu nzima.

Rimu hizi zinataka tyubu, kwa kuwa hewa hupita kwenye matundu ya spoki. Mkanda wa mpira wa kufunika vichwa vya spoki usikosekane. Fundi wa tairi alitaka kufunga haraka, nikamzuia abandue kwanza stika zote za ndani ya tairi, kwa sababu pembe ya stika husugua tyubu taratibu mpaka inatoboka. Alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Alipopitisha kidole kwenye ukingo wa stika na kuhisi ulivyo mkali, alizibandua zote nne bila neno.

Balansi ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Mashine ya kawaida hushika rimu kwa koni moja inayoingia tundu la katikati, na rimu ya spoki haikai hivyo kwenye gari. Kwenye gari inakaa kwenye miteremko miwili, mmoja wa ndani kwenye habu na mmoja wa nje chini ya nati. Ukishika tundu peke yake unapima kitu ambacho hakipo barabarani. Gereji ya kwanza ilitoa namba tatu tofauti kwa gurudumu lile lile, kila walipolivua na kulirudisha. Gereji ya pili walikuwa na koni mbili zilizochongwa kwa ajili ya rimu hizi. Gurudumu lile lile lilipimwa mara mbili na namba ikatoka ile ile. Kama hawana koni hizo, ondoka.

Kwenye kufunga nilipaka grisi kwenye meno na nyuzi, nikakaza kwa nyundo ya shaba. Baada ya kilomita 40 nilisimama kivulini na kugonga tena: mbili zilisogea kidogo, mbili hazikusogea. Tangu hapo hazijasogea. Mtetemeko wa usukani umekwisha, na ile tak sijaisikia tena, hata kwenye rivasi nikiwa nimezima redio na kufungua vioo kuisaka.

Kuziosha ni kazi ya saa nzima kwa mswaki na maji ya sabuni, na siichukii. Ndipo ninapozigonga spoki tena, moja moja, nikisikiliza.

Spea haikubadilishwa. Rimu ya baba ilikuwa imenyooka, meno mazima, ikahitaji tu kusafishwa, kupakwa rangi, tyubu na tairi mpya. Ndani ya ukingo, pale ambapo tairi hufunika, nimeacha kipande cha rangi ya kiwandani bila kukigusa.