Pensi 25 za Tristan da Cunha, 1977: nunua ya shaba-nikeli, ya fedha ipime kwanza

Sarafu hii ya Tristan da Cunha, kisiwa cha Uingereza katika Atlantiki ya Kusini, ilitolewa Malkia Elizabeth II alipotimiza miaka 25 ya utawala, na kwa mkusanyaji wa Lubumbashi ni mwanzo mzuri, mradi ailipie inavyostahili. Ziko aina mbili: ya shaba-nikeli (shaba asilimia 75, nikeli 25) na ya fedha ya 925 (yaani fedha safi asilimia 92.5). Hapo ndipo watu wanatapeliwa. Zote zina kipenyo cha milimita 38.61 na uzito wa gramu 28.28, na sumaku haivuti hata moja. Saint Helena, kisiwa kingine cha Uingereza, nayo ilitoa ya kwake mwaka huohuo, kwa vipimo vilevile.

Dawa yake ni maji. Tafuta mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, weka kikombe cha maji juu yake, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa ukingo wala chini. Mizani ikisoma karibu gramu 2.73 ni fedha; ikisoma 3.16 ni shaba-nikeli. Vipovu vya hewa viondoe kwanza kwa brashi laini, maana vinapandisha namba na fedha halali itaonekana ya uongo. Ile iliyong'arishwa kama kioo, ikiwa bado ndani ya kapsuli yake (kikasha cha plastiki ngumu), usiitoe: uzi na kidole vinaacha alama, na bei inaanguka.

Ya fedha ina gramu 26.16 za fedha safi. Zidisha kwa bei ya siku ya gramu moja ya fedha. Muuzaji akidai mara tatu ya hapo, mwache.

Nyingi huja katika mfuko laini wa plastiki ya PVC, ambayo ikizeeka hutoa utando wa kijani unaonata. Zamisha sarafu katika asetoni halisi, kwenye bilauri ya kioo, mbali na moto, kisha iache ikauke yenyewe. Usiisugue kamwe, wala kwa majivu wala kwa ndimu! Halafu nunua kapsuli ngumu ya milimita 39.

Tristan wanatumia pauni ya Uingereza, na sarafu hii haikutengenezwa kwa matumizi ya dukani. Makambiste (wabadilisha pesa) wa mjini hawataipokea. Mahali pake ni kando ya franga 5 za Katanga za 1961, zile zenye ndizi na msalaba.