Kituo cha vijana kijijini: usiri uko mlangoni tu

Naandika bado nina hasira, mnisamehe nikirukaruka. Siku si nyingi nilimpeleka mdogo wangu, ana miaka 19, kwenye kituo cha huduma rafiki kwa vijana. Kondomu ilipasuka, na mwenzake baadae akamwambia ukweli kwamba anaishi na VVU na dawa alikuwa ameziacha. Wikiendi kituo kinafungwa kwa hiyo tumekaa ndani tunahesabu masaa, maana PEP, zile dawa za kuzuia usipate VVU baada ya kuwa hatarini, lazima uianze ndani ya saa 72 na ukiwahi zaidi ndo bora. Hilo tuliambiwa kwenye ile namba ya bure ya vijana, unapiga hata kwa kitochi, hakuna cha bando wala intaneti, na dada aliyepokea aliongea na dogo taratibu bila kumsema hata kidogo. Hao nawapa nyota zote.

Sasa kituoni. Mlangoni wameandika usiri unazingatiwa. Ndani kuna meza, daftari kubwa limefunguliwa, peni imefungwa kamba, unajaza mwenyewe jina, kijiji, namba ya simu na "sababu ya kuja". Sababu ya kuja jamani! Shida ya aliyetutangulia niliisoma bila hata kutaka. Dogo akaacha pale wazi. Yule mama wa mapokezi akaangalia, akapaza sauti benchi zima linasikia, "Hapa hujajaza, unaumwa nini? Na wewe si mtoto wa mwalimu? Mama yako anajua uko huku?" Dogo akageuka akatoka, hakusema neno.

Mjini wakikudhalilisha unaenda kituo kingine, hakuna anayekujua. Kijijini kituo ndo hicho hicho, na huyo mama kesho unakutana nae kisimani, yuko na mama yako. Nilishaapa nitaandika msiende kabisa.

Ila siwezi kuandika hivyo. Nesi wa chumba cha ndani alisikia, akatufuata mpaka barabarani, hakuuliza jina, akatupitisha mlango wa nyuma, akampima dogo, akampa dozi ya kwanza pale pale na kumwelekeza anywe siku 28 bila kuruka. Akamwambia, "Umefanya vizuri kuja, mdogo wangu." Dogo ndo akalia hapo. Kwa hiyo nendeni, dawa zipo na wanaojua kazi wapo. Lakini nikifikiria nesi asingesikia nachemka upya, wangapi wameshatoka hivyo hivyo na hakuna aliyewafuata mpaka saa zikaisha? Hapana, nyota moja, na hiyo ni ya nesi.

Juzi tumerudi kuangaliwa maendeleo. Daftari liko pale pale, wazi. Nikafunua kurasa mbili tatu nikaliona jina la dogo, na kwenye sababu ya kuja pameshajazwa, kwa mwandiko usio wake.