Majedwali ya Sensa ya 2022: Kila Asilimia na Asili Yake

Matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania, iliyoanza usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, yalitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo. Tangu hapo majedwali yake, yaliyoandaliwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa kushirikiana na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, yamekuwa kifaa changu kikuu cha kufundishia asilimia na viwango. Yanapatikana bila malipo kwenye intaneti, na hakuna kitabu cha mazoezi ninachokijua kinachomfikisha mwanafunzi haraka kiasi hicho kwenye kiini cha jambo. Nayapa alama za juu kwa sababu moja: yanatoa idadi kamili ya watu pamoja na viwango, hivyo msomaji anaweza kujua kila asilimia imetokana na nini. Makosa mengi ninayoyasikia mikutanoni hutokea pale asilimia inapong'olewa kwenye jedwali na kuanza kutembea peke yake.

Ukilitamka neno asilimia polepole utasikia ndani yake asili na mia. Katika hesabu za sehemu tulizofundishwa shule ya msingi, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili, na asilimia ni sehemu ambayo asili yake imefanywa kuwa mia. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya asilimia yoyote ni hili: mia hiyo inasimama badala ya nini?

Chukua takwimu kuu ya sensa yenyewe. Mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na watu 44,928,923, na mwaka 2022 ikawa na watu 61,741,120. Ongezeko ni watu 16,812,197, ambao ni asilimia 37.4 ya wale wa mwaka 2012. Taarifa rasmi, hata hivyo, inataja kiwango cha ukuaji cha asilimia 3.2 kwa mwaka, na kila mwaka wapo wanafunzi wanaogawanya 37.4 kwa kumi, wakapata 3.74, kisha wakaniambia kwa uhakika kabisa kwamba serikali imekosea. Haikukosea. Ongezeko la mwaka mmoja huingia kwenye asili ya mwaka unaofuata, kama ng'ombe wa mfugaji ambaye ndama wake wa leo nao watazaa baadaye. Asilimia 3.2 ya watu milioni 44.9 ni kama watu milioni 1.4, lakini asilimia hiyohiyo, ikichukuliwa mwishoni mwa muongo ambapo watu wamekaribia milioni 60, ni watu milioni 1.9. Kiwango hakikubadilika, ila idadi ya watoto watakaohitaji chanjo na madawati imebadilika sana. Hapa nina lawama ndogo kwa lugha ya takwimu kwa ujumla: neno kiwango tunalitumia kwa kasi ya mabadiliko, kwa hali iliyofikiwa, na hata kwa ubora wa bidhaa, na msomaji huachwa atambue mwenyewe ni maana ipi iliyokusudiwa.

Kati ya mwaka 2002 na 2012 kiwango hicho kilikuwa asilimia 2.7. Je, kilipofika 3.2 kiliongezeka kwa kiasi gani? Ukitoa moja kutoka kwa nyingine unapata pointi 0.5 za asilimia. Ukilinganisha ongezeko hilo na kiwango cha awali unapata takribani asilimia 18.5. Majibu yote mawili ni sahihi, lakini yana asili tofauti, kwa kuwa la kwanza linapima kwa watu wote na la pili linapima kwa kiwango cha zamani. Mwandishi anayetaka kutuliza huchagua la kwanza na anayetaka kushtua huchagua la pili, na wasomaji wengi hawajui kwamba walikuwa na haki ya kupewa yote mawili.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni jedwali la mikoa, na humo hakuna mfano unaoizidi Dar es Salaam ikiwekwa kando ya Pwani. Jiji lilikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na likafika 5,383,728 mwaka 2022. Kiwango chake cha ukuaji ni asilimia 2.1 kwa mwaka, chini kabisa ya kile cha taifa. Zaidi ya hapo, mwaka 2012 mkoa huo ulikuwa na asilimia 9.7 ya Watanzania wote, na mwaka 2022 ulikuwa na asilimia 8.7. Nimewahi kumsikia mtu mzima, mwenye elimu nzuri, akisema kwa masikitiko kwamba Dar es Salaam inapungua watu. Jiji lililoongeza watu 1,019,187 katika miaka kumi halijapungua; kilichopungua ni fungu lake, kwa sababu asili, yaani idadi ya Watanzania wote, imekua kwa kasi kuliko jiji. Asilimia ya mgawanyo inaweza kushuka huku watu wakizidi kubanana kwenye mabasi ya asubuhi, na mpangaji wa huduma za maji anayeiangalia asilimia hiyo peke yake atawakosea watu zaidi ya milioni moja.

Sasa msomaji ashushe macho hadi Pwani. Mkoa huo ulitoka watu 1,098,668 na kufika 2,024,947, ongezeko la asilimia 84.3 katika muongo mmoja, na kiwango cha zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa kasi, Pwani inaiacha Dar es Salaam mbali. Kwa idadi ya watu walioongezeka, bado Dar es Salaam iko mbele, kwa kuwa Pwani iliongeza watu 926,279. Lakini anayeufahamu ukanda huo anajua kwamba kutoka Mbagala kuingia Mkuranga, au kutoka Kibamba kuingia Kibaha, nyumba zinafuatana bila kuujali mpaka wa mkoa. Nikawaambia wanafunzi wajumlishe mikoa hiyo miwili. Walipata watu 5,463,209 mwaka 2012 na 7,408,675 mwaka 2022, yaani ukuaji wa takribani asilimia 3 kwa mwaka, karibu sawa na taifa zima. Fungu la mikoa hiyo miwili kwa pamoja lilikuwa asilimia 12.2 ya nchi na likawa asilimia 12.0. Ule mwendo wa pole wa Dar es Salaam na ile mbio ya Pwani, kwa sehemu kubwa, ni habari ya mahali mstari wa mpaka ulipochorwa. Somo hilo lilitumalizia vipindi viwili na sikujutia hata dakika moja.

Mfano wa Kusini Unguja ni mfupi zaidi. Mkoa huo ulikua kwa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya kasi ya Dar es Salaam, kutoka watu 115,588 hadi 195,873. Ongezeko lake lote la miaka kumi, watu 80,285, halifiki hata sehemu moja ya kumi ya lile la Dar es Salaam. Asili ndogo huzaa asilimia kubwa kwa urahisi. Hata hivyo isidharauliwe, kwani kwa mkoa wenye ukubwa huo watu 80,000 wa ziada ni mzigo mzito wa huduma.

Uwiano wa jinsi nao huwatatiza wengi. Sensa ilihesabu wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130, na uwiano ukatolewa kuwa wanaume 95 kwa kila wanawake 100. Namba hiyo ina mia ndani yake, lakini si asilimia ya wanaume katika nchi. Wanaume ni asilimia 48.7 ya watu wote. Asili ya 95 ni wanawake peke yao, na asili ya 48.7 ni kila mtu. Nashauri anayefundisha aziweke namba hizi mbili ubaoni kwa pamoja na kuwaacha wanafunzi wabishane kabla hajasema neno.

Kuhusu magrafu, ninachokosoa ni yale yanayochorwa na watu wengine kutokana na takwimu hizi na kusambazwa kwenye mabango na simu. Tangu Muungano sensa zimefanyika mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na watu walikuwa takribani milioni 12.3, 17.5, 23.1, 34.4, 44.9 na 61.7. Mchoraji akizisimamisha nguzo sita za grafu, moja kwa kila sensa, kwa nafasi zilizo sawa, anakuwa amesema kimyakimya kwamba vipindi vyote ni sawa, wakati kati ya mwaka 1988 na 2002 ilipita miaka 14. Kwa jicho, mruko wa kutoka milioni 23.1 hadi 34.4 unaonekana mkubwa kuliko ule uliofuata wa kutoka 34.4 hadi 44.9. Ukigawa kwa miaka unapata watu kama laki nane kwa mwaka katika kipindi cha kwanza, na zaidi ya milioni moja kwa mwaka katika cha pili. Mwanafunzi mwenye rula na karatasi ya miraba anaweza kuurekebisha mchoro huo kwa kuipa kila sensa mahali pake halali kwenye mstari wa miaka.

Kwa yeyote atakayeyatumia majedwali haya kulinganisha sensa mbili, nina angalizo moja zaidi. Asichukue ripoti ya zamani ya mwaka 2012 na mpya ya mwaka 2022 akatoa namba moja kwa nyingine bila kukagua mipaka. Ripoti ya zamani inaipa Mbeya watu 2,707,410, na mpya inaipa 2,343,754. Mwanafunzi mmoja alinikabidhi jibu kwamba Mbeya imepoteza asilimia 13.4 ya watu wake, na hesabu yake haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye asili: mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na maeneo yaliyokwenda Songwe yalikuwa na watu 998,862 mwaka 2012. Ukiwaondoa, Mbeya ya leo ilianza na watu 1,708,548, na imekua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, sawasawa na taifa.